Kuirudisha kazini kadi ya sauti ya zamani baada ya kupandisha mfumo wa kompyuta

Jumamosi moja asubuhi, katika chumba kidogo cha kurekodia kilichopo komini ya Katuba, mjini Lubumbashi, kwaya ya watu kumi na wanane ilisimama mbele ya maikrofoni mbili ikaimba wimbo mzima ambao haukuingia kwenye kompyuta hata noti moja. Kadi ya sauti ilikuwa mezani kama siku zote, taa yake ya USB ikiwaka kijani, lakini kwenye skrini mstari wa sauti ulikuwa umenyooka kama uzi wa fundi mwashi. Mama anayeiongoza kwaya alinisogelea akaniuliza kwa sauti ya chini, "Papa fundi, taa iko inawaka, sauti haiko juu ya nini?" Siku mbili kabla ya hapo kompyuta ile ilikuwa imepandishwa kutoka Windows 10 hadi Windows 11, na mimi niliwaita watu bila kuijaribu kadi kwanza.

Wengi wamefikia mahali hapo, kwa kuwa Microsoft ilisitisha msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na mafundi wengi wakaanza kupandisha kila kompyuta inayoletwa mezani kwao bila kumwuliza mwenyewe anaifanyia kazi gani. Kwa mtu wa ofisi badiliko hilo si zito. Kwa mtu wa studio ambaye kadi yake ina miaka kumi na mitano, na ambaye mtengenezaji wake ameshaacha kuitolea draiva mpya, ni jambo jingine kabisa, na kuagiza kadi nyingine ivuke mpaka wa Kasumbalesa ni gharama ambayo sadaka za wiki moja haziwezi kuibeba. Kadi nyingi za umri huo bado zinaweza kufanya kazi, mradi mwenye nazo atafute hitilafu kwa mpangilio badala ya kupakua kila anachokiona.

Ninaposema kadi ya sauti nina maana ya kile kisanduku cha nje ambacho wanamuziki wa hapa huita "carte son", chenye matundu ya maikrofoni na gitaa upande mmoja na tundu la USB au FireWire (waya wa zamani wa kupitishia sauti na video) upande mwingine. Draiva ni programu ndogo inayokalimani kati ya kifaa hicho na mfumo wa kompyuta, na Windows ya Kifaransa huiita "pilote". Majina ya menyu nitayaandika kwa Kifaransa, kwa sababu ndivyo yanavyoonekana kwenye kompyuta nyingi za mji huu.

Hitilafu ya namna hii hukaa katika mojawapo ya ngazi tatu. Ama kompyuta haikioni kifaa kabisa, ama inakiona lakini haikijui, ama inakiona na kukijua ila inakinyima ruhusa au inasikilizana nacho vibaya. Dawa ya ngazi moja haisaidii kitu kwenye ngazi nyingine. Mtu anayepakua draiva ya megabaiti mia mbili kwa ajili ya kadi ambayo kebo yake imekatika ndani amemaliza mega zake bure, na sisi tunaonunua intaneti kwa vifurushi tunaujua uchungu huo.

Kwa ambaye bado hajapandisha mfumo

Kama unasoma haya kabla ya kumpelekea fundi kompyuta yako, fanya jambo moja ambalo halichukui hata dakika kumi. Tengeneza folda kwenye flashi, uipe jina la "draiva", kisha fungua dirisha la amri kwa haki za msimamizi na uandike hivi, ukibadilisha herufi D kulingana na flashi yako:

pnputil /export-driver * D:\draiva

Amri hiyo hunakili draiva zote za nje ambazo Windows imezihifadhi, pamoja na ile ya kadi yako ambayo pengine haipatikani tena kwenye tovuti ya mtengenezaji. Baada ya kupandisha mfumo, unaweza kuzirudisha zote kwa pamoja, ingawa mimi hupenda kurudisha ile moja tu ninayoihitaji ili nisiingize takataka za zamani kwenye mfumo mpya.

Kama mfumo umeshapandishwa, bado kuna mlango mmoja ulio wazi kwa muda mfupi. Windows huacha kwenye diski folda iitwayo Windows.old yenye mfumo wa zamani, na kwa kawaida hukupa siku 10 za kurudi nyuma kabla ya kuifuta. Ndani yake, ukifuata njia ya Windows, System32, DriverStore na hatimaye FileRepository, utakuta folda nyingi zenye majina marefu, na mojawapo ina draiva yako. Nakili folda hiyo yote kwenye flashi leo hii. Wapo waliokumbuka siku ya kumi na mbili.

Je, kompyuta inaiona kadi?

Fungua "Gestionnaire de périphériques" kwa kubofya kitufe cha kulia cha kipanya juu ya alama ya Windows, uache dirisha hilo wazi, kisha uchomoe kadi na kuichomeka tena huku ukilitazama. Kama kompyuta inaiona, orodha itarukaruka mara moja, na kwa kawaida utasikia pia mlio wa kifaa kuingia. Orodha isipotikisika wala mlio usisikike, usihangaike na draiva hata kidogo, kwa kuwa tatizo liko kwenye njia ya waya.

Hapa Lubumbashi mshukiwa wa kwanza huwa ni vumbi. Katika majira ya kiangazi vumbi jekundu huingia kila mahali, na lile tundu la mraba la USB lililo nyuma ya kadi za zamani hulipokea kwa ukarimu. Chomoa kila kitu, ulisafishe kwa mswaki mkavu wenye nywele laini, halafu kwa tone la spiriti safi, na usichomeke tena mpaka likauke. Mshukiwa wa pili ni kebo: tumia fupi, maana kebo ya USB 2.0 haipaswi kupita mita 5, na ujaribu nyingine hata kama hiyo uliyo nayo "ilikuwa ikifanya kazi jana". Mshukiwa wa tatu ni kile kigawanyo cha USB kinachobeba kipanya, kibodi, flashi na feni kwa wakati mmoja. Tundu la USB 2.0 hutoa miliampia 500 tu, na kadi inayojilisha kutoka humo, hasa ukiwa umewasha volti 48 za maikrofoni ya studio, inazihitaji karibu zote. Ichomeke moja kwa moja kwenye kompyuta.

Kinyume chake pia hutokea, na huwashangaza wengi. Baadhi ya kadi za miaka ya 2000 hazielewani na matundu mapya ya USB 3.0, yale ambayo mara nyingi huwa na rangi ya buluu ndani. Zinaonekana na kupotea, au zinatoa sauti iliyojaa mikwaruzo. Kama kompyuta ina tundu la USB 2.0, litumie hilo. Kama haina, kigawanyo cha USB 2.0 chenye umeme wake cha kuwekwa katikati huweza kutatua shida hiyo, na katika hali hii pekee ninakubali kigawanyo.

Jambo jingine la kuzima mapema ni tabia ya Windows ya kukata umeme wa USB ili kuhifadhi betri. Kwenye "Gestionnaire de périphériques", fungua kila kifaa kiitwacho "Concentrateur USB racine", uende kwenye kichupo cha umeme, na uondoe alama kwenye sentensi inayoiruhusu kompyuta kukizima kifaa. Kupandisha mfumo mara nyingi hurudisha alama hiyo hata kama uliiondoa miaka mitano iliyopita.

Je, inaijua?

Sasa tuseme orodha imetikisika. Kama kadi imejipanga chini ya "Contrôleurs audio, vidéo et jeu" bila alama yoyote ya onyo, ruka sehemu hii uende kwenye ruhusa. Kama imeangukia chini ya "Autres périphériques" ikiwa na pembetatu ya njano, kompyuta inaiona bila kuijua. Ibofye mara mbili usome nambari ya hitilafu, kwa kuwa nambari hiyo ndiyo itakayokuongoza. Nambari 28 ina maana kwamba hakuna draiva iliyowekwa. Nambari 52 ina maana kwamba draiva ipo lakini Windows haiwezi kuithibitisha sahihi yake. Nambari 43 ina maana kwamba kifaa chenyewe kimetoa taarifa ya hitilafu, na mara nyingi hukurudisha kwenye kebo na umeme.

Kwenye kichupo cha "Détails" chagua "Numéros d'identification du matériel", na utaona mstari unaoanza na USB\VID. Herufi nne zinazofuata hapo ni kitambulisho cha kampuni: 0582 ni Roland, ambao ndio waliotengeneza pia kadi za jina la Edirol, 0763 ni M-Audio, na 1235 ni Focusrite. Zinazofuata PID ni kitambulisho cha modeli. Nakili mstari huo kwenye daftari. Kadi nyingi za okazioni, yaani zilizokwisha kutumika, zimefutika maandishi kwa jasho la mikono, na mstari huu ndio utakaokuambia bila kubahatisha ni draiva ya kifaa gani unayoitafuta.

Kuna jambo linalopaswa kueleweka hapa, kwa sababu ndilo linaloamua kama kazi itakuwa ya dakika tano au ya siku mbili. Kadi za USB ziko za namna mbili. Ziko zinazofuata kanuni ya pamoja ya sauti za USB, ambazo mfumo wowote unaweza kuzitumia bila draiva ya mtengenezaji. Na ziko zenye lugha yao binafsi, ambazo bila draiva yake ni kama mgeni asiyejua lugha yoyote ya mji. Kanuni ya kwanza, ya mwaka 1998, Windows na macOS zimeielewa kwa muda mrefu. Kanuni ya pili, iliyotungwa kwa ajili ya kasi ya USB 2.0 na inayobeba njia nyingi za sauti, Windows haikuielewa yenyewe mpaka toleo la 1703 la Windows 10, lililotoka mwaka 2017. Kwa hiyo kuna kadi ambazo zamani zililazimu draiva kwenye Windows 7 na ambazo leo, kwenye Windows 11, zinaamka zenyewe pale unapoacha kuzilazimisha kutumia draiva ya zamani.

Jaribio la kwanza, basi, ni kuondoa na si kuongeza. Ondoa draiva ya zamani pamoja na programu zake za udhibiti, washa upya kompyuta, kisha chomeka kadi na uisubiri dakika mbili. Windows isipoijua yenyewe, jaribu kuiamuru: bofya "Mettre à jour le pilote", ukatae kutafuta kwenye intaneti, uchague draiva kutoka orodha iliyomo kwenye kompyuta, na uichukue ile ya jumla ya sauti za USB. Kama si ya namna hiyo haitakubali, na hujapoteza kitu.

Angalia pia nyuma ya kadi yenyewe. Baadhi ya kadi za zamani zina swichi ndogo inayochagua kati ya lugha binafsi na kanuni ya pamoja. Edirol UA-25 ni mfano mzuri: ina swichi iliyoandikwa ADVANCE, na ukiizima kadi huacha kudai draiva maalumu na kutumia ile ya mfumo. Unalipa gharama, kwa kuwa katika hali hiyo sauti hushuka hadi biti 16, lakini kwa kurekodi mahubiri au kuhamisha kaseti za zamani hakuna atakayesikia tofauti. Swichi ya aina hiyo haisomwi wakati kadi imewashwa. Igeuze, uchomoe USB, uhesabu mpaka kumi, kisha uichomeke tena. Nimemwona mtu akiigeuza mara nne bila kuchomoa, akahitimisha kwamba kadi imekufa.

Kuishawishi Windows ikubali draiva ya zamani

Kama kadi yako ni ya lugha binafsi, itabidi utumie draiva yake. Mahali pa kwanza pa kuitafuta ni ukurasa wa bidhaa za zamani kwenye tovuti ya mtengenezaji. Kama ukurasa umeondolewa, jaribu anwani ileile kwenye hifadhi ya Wayback Machine, ambayo mara nyingi huwa imehifadhi pia faili zenyewe. Kaa mbali na tovuti zinazoahidi kukutafutia draiva zote za kompyuta kwa kubofya mara moja, kwani unachokiingiza kupitia hizo mara nyingi ni matangazo, na wakati mwingine ni kibaya zaidi.

Kwanza hakikisha kwamba draiva ni ya biti 64. Windows 11 haina toleo la biti 32, na draiva ya biti 32 haiwezi kuwekwa humo kwa ujanja wowote, kwa hiyo mwenye kadi iliyoishia kwenye Windows XP ya biti 32 asipoteze mega zake. Draiva ya biti 64 iliyoandikwa kwa Windows 7 au 8, kwa upande mwingine, ina nafasi nzuri, kwa kuwa mara nyingi kinachokataa ni programu ya kuiweka na si draiva yenyewe: programu hiyo husoma nambari ya toleo la Windows, haiitambui, na kujifunga. Ibofye kwa kitufe cha kulia, uende kwenye "Propriétés", kichupo cha "Compatibilité", uchague Windows 7, kisha uiendeshe kama msimamizi. Ikikataa tena, ifungue kwa programu ya kufungulia faili zilizobanwa kama 7-Zip, utafute ndani yake faili yenye mwisho wa .inf, na uielekeze "Gestionnaire de périphériques" kwenye folda hiyo kwa mkono. Njia hii ya mwisho imenifaa mara nyingi kuliko zote.

Draiva inaweza kuingia vizuri na bado kadi isiamke. Katika Windows 11 tazama "Sécurité Windows", halafu "Sécurité des appareils", halafu "Isolation du noyau". Humo kuna kinga iitwayo "Intégrité de la mémoire", ambayo huzuia draiva zilizoandikwa kwa mtindo wa zamani zisifike kwenye kiini cha mfumo, na ukurasa huo unaweza kukutajia jina la faili inayogombana nayo. Ukiizima na kuwasha upya, draiva nyingi za enzi ya Windows 7 hufanya kazi. Kuizima kunapunguza ulinzi wa kompyuta, na ni lazima ulijue hilo unapofanya.

Nambari 52 ni ngumu zaidi. Hutokea hasa pale mtu anapofuata ushauri wa kuhariri faili ya .inf ili Windows mpya iikubali, maana kubadilisha hata herufi moja kunavunja sahihi ya kidijitali iliyofungwa na faili hiyo. Unaweza kuwasha kompyuta kwa namna ya pekee, kupitia chaguo za kuwasha za hali ya juu, na kubonyeza F7 ili ukaguzi wa sahihi usimame, lakini hiyo hudumu mpaka unapozima tu. Kuusimamisha moja kwa moja kunadai kuondoa pia Secure Boot, kinga inayokagua kinachopakiwa kompyuta inapowaka. Msimamo wangu ni huu: kwenye kompyuta ya studio isiyounganishwa na intaneti, isiyofungua barua pepe wala akaunti ya benki, ninakubali kufanya hivyo. Kwenye kompyuta ambayo mchana inatunza hesabu za parokia na jioni inarekodi kwaya, sikubali hata niombwe vipi.

Inaiona, inaijua, na bado ni kimya

Hapa ndipo kwaya yetu ilipokuwa. Kadi ilikuwa imejipanga vizuri, jina lake lilionekana kwenye Audacity, programu yetu ya kurekodia, sauti ilitoka kwenye hedifoni bila tatizo, ila hakuna kilichoingia. Sababu ilikuwa ruhusa ya maikrofoni. Windows huihesabu njia yoyote ya sauti inayoingia kuwa maikrofoni, hata kama ulichochomeka ni gitaa au meza ya mchanganyiko, na ruhusa ikiwa imezimwa programu haipewi ujumbe wowote wa kosa. Inapewa ukimya mtupu. Nenda kwenye "Paramètres", "Confidentialité et sécurité", kisha "Microphone", na uwashe swichi zote mbili muhimu: ile ya juu ya kifaa kizima, na ile ya chini kabisa inayohusu programu za kawaida za kompyuta, ambayo haionekani mpaka uteremke hadi mwisho wa ukurasa. Ile ya chini ndiyo iliyotupotezea saa moja na nusu.

Ruhusa ikiwa sawa na sauti bado haijakaa vizuri, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, uandike mmsys.cpl, na uingie kwenye kichupo cha "Enregistrement". Kadi ndogo zenye njia mbili za kuingiza sauti, hasa zile zinazojitambulisha kama USB Audio CODEC, Windows huzidhania kuwa maikrofoni ya mtu mmoja na kuzipa njia moja tu, kwa hiyo upande wa kulia wa kaseti yako unapotea au pande zote mbili zinamwagwa mahali pamoja. Fungua sifa za kifaa, uende kichupo cha mwisho, uchague njia 2, biti 16, hezi 44100 au 48000 kulingana na kazi yako, na uzime maboresho yote ya sauti, kwa maana maboresho hayo yametengenezwa kwa ajili ya mazungumzo ya simu na yanakata mikia ya sauti za kwaya bila huruma.

Kiwango cha sampuli, yaani zile hezi 44100 au 48000, lazima kiwe kimoja kila mahali: kwenye kadi kama ina swichi yake, kwenye Windows, na kwenye programu ya kurekodia. Vikitofautiana, utasikia mikwaruzo, au sauti itakuwa nzito au nyembamba kuliko ilivyoimbwa. Utaona pia pengine kwamba jina la kadi limepata nambari mbele yake, kwa mfano "2- USB Audio CODEC", kwa kuwa umeichomeka kwenye tundu tofauti na la zamani. Hilo si kosa, lakini miradi yako ya zamani italitafuta jina la kwanza na kulalamika kwamba kifaa hakipo. Chagua tundu moja, ulitie alama ya rangi ya kucha, na usilibadilishe tena.

Wanaotumia programu za muziki kama Cubase, FL Studio au Reaper watahitaji pia draiva ya mtindo wa ASIO ili sauti isichelewe kati ya mdomo na sikio. Kama ya mtengenezaji imekufa, ASIO4ALL, draiva ya ASIO ya jumla, husaidia, ila ieleweke kwamba hukaa juu ya draiva ya Windows na haiwezi kuchukua nafasi yake. Kadi ambayo Windows haiijui, ASIO4ALL nayo haitaiona. Anza na bafa (akiba ndogo ya sauti inayosubiri kushughulikiwa) ya sampuli 512, ushuke taratibu mpaka mikwaruzo ianze, kisha upande ngazi moja. Audacity kwa miaka mingi imesambazwa bila ASIO, kwa hiyo usiilaumu kadi kwa hilo. Nayo husoma orodha ya vifaa inapofunguliwa, hivyo chomeka kadi kabla ya kuifungua.

Kwenye Mac, na kwenye Linux

Kwenye Mac ngazi ni zilezile, ila milango ni tofauti. Tangu macOS Mojave ya mwaka 2018 programu inapaswa kupewa ruhusa ya maikrofoni, na ukimya wake ni uleule. Tangu High Sierra ya mwaka 2017 draiva inayoingia kwenye kiini husubiri umruhusu mtengenezaji wake kwa mkono kwenye ukurasa wa usalama, na kitufe hicho hukaa hapo nusu saa tu baada ya draiva kujaribu kuingia. Catalina ya mwaka 2019 ilifuta programu zote za biti 32, pamoja na paneli nyingi za udhibiti wa kadi za zamani. Na kwenye Mac zenye chipu ya Apple yenyewe, zilizoanza kuuzwa mwishoni mwa mwaka 2020, draiva ya kiini hudai kwanza upunguze kiwango cha usalama ukiwa katika hali ya uokoaji. Kadi zinazofuata kanuni ya pamoja hazina habari na hayo yote, na unaweza kuzipanga kwenye "Configuration audio et MIDI".

Wenye kadi za FireWire wanapaswa kuwa waangalifu zaidi. Apple iliondoa msaada wa FireWire katika macOS Tahoe ya mwaka 2025, kwa hiyo usipandishe Mac ya studio kufikia hapo kama kadi yako inatumia waya huo. Baki kwenye toleo lililotangulia, na kama Mac yako haina tundu la FireWire, tumia mnyororo wa viungio vinavyoipitisha kwenye tundu la Thunderbolt. Kwenye Windows, draiva ya zamani ya FireWire iliondolewa kwenye mfumo kuanzia toleo la 8.1, ingawa Microsoft iliitoa kando kwa wanaoihitaji. Zaidi ya yote, usinunue kile kiungio cha bei ndogo chenye mdomo wa FireWire upande mmoja na wa USB upande mwingine. Hakuna tafsiri yoyote inayofanyika ndani yake, ni nyaya tupu zilizounganishwa, na kwa kuwa waya wa FireWire wa pini sita unaweza kubeba volti hadi 30 wakati USB imezoea 5, unaweza kukichoma kile ulichotaka kukiokoa.

Linux ninaitaja kwa sababu mbili. Kwanza, ni kipimo kizuri: washa kompyuta kwa flashi yenye Ubuntu Studio bila kuiweka kwenye diski, uandike amri ya arecord -l, na kama kadi inaonekana na kurekodi hapo, basi umbo lake ni zima na ugomvi wako ni wa Windows peke yake. Faili ya Ubuntu Studio ina gigabaiti kadhaa, kwa hiyo muombe mwenye nayo akunakilie. Pili, kiini cha Linux kimebeba marekebisho ya kadi nyingi za zamani za USB na za FireWire ambazo watengenezaji wake wameshazisahau, na kompyuta ya zamani iliyokataliwa na Windows 11 inaweza kugeuka mashine ya kurekodia tu, bila kuombwa kazi nyingine.

Ukishapata sauti, usimwite mtu bado. Rekodi dakika thelathini mfululizo, hata kama ni redio tu iliyochomekwa kwenye njia ya kwanza, kompyuta ikiwa kwenye umeme wa ukutani, kisha dakika nyingine thelathini ikiwa kwenye betri au jenereta, kwa kuwa draiva za zamani hupenda kuanguka dakika ya ishirini na mlio wa jenereta hupenda kuingia kupitia USB. Tazama mwanzo na mwisho wa faili uone kama kuna mashimo. Baada ya hapo simamisha kwa muda masasisho ya Windows mpaka kazi ya wiki iishe, chomoa modemu, na nakili folda ya draiva iliyofanya kazi kwenye flashi mbili, moja ukiifunga kwa utepe kwenye kebo ya kadi yenyewe.